Somo: Igizo la kushirikisha kuhusu wanawake wapiganaji, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Kila wiki naulizwa, "Lile igizo la Josina unalifanyaje?" Ni Josina Machel, mpiganaji wa Msumbiji, mke wa Samora Machel aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Nimeliandika lote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nafundisha Historia Kidato cha Pili, Wete, Pemba.

1. Omba vipindi viwili vinavyofuatana.

2. Toeni meza, au nendeni chini ya mwembe.

3. Andika ubaoni yaliyotokea. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam 25 Juni 1962. Vita dhidi ya Wareno vilianza Septemba 1964. Oktoba 1966 chama kiliamua wanawake nao wafunzwe silaha, na 1967 kundi la kwanza likafunzwa Nachingwea, Josina akiwemo. Alifariki Dar es Salaam 7 Aprili 1971, umri miaka 25. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Wanafunzi wangu wote walimjua Samora Machel. Josina hakuna aliyemjua, na yeye kafunzwa na kafia nchini mwetu!

4. Igizo la dakika tano. Msichana mpiganaji, kipande cha mwanzi begani ndiyo bunduki yake, anaingia kijiji kimoja cha Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kutafuta wa kubeba risasi. Mzee anamkatalia: "Siamrishwi mimi na mtoto wa kike." Likatike hapo.

5. Piga kofi, uliza, "Nani atajaribu?" Anayenyanyuka anashika nafasi ya msichana na kutafuta maneno yake mwenyewe. Njia hii ni ya Augusto Boal, mtu wa maigizo wa Brazil.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliwaachia wambadilishe Josina mwenyewe. Wakamponya maradhi, wakampa bendera aipandishe siku ya uhuru, darasa zima likashangilia na mimi nikafurahi nao. Mtihani ulipokuja, karatasi baada ya karatasi zinasema Josina aliongoza gwaride la 1975. Niliumia sana, maana nilitaka akumbukwe, nikawa nimewafundisha uongo juu yake. Kwa hiyo: mhusika wa kubadilishwa asiwe na jina la mtu wa kweli. Tandaza kamba ya usumba chini. Ndani ya kamba tunajaribu, nje ya kamba ni yaliyotokea. Kila jaribio likiisha, aliyeigiza anatoka nje ya kamba na kusoma kwa sauti mstari mmoja wa ubaoni. Msiliruke hili hata kengele ikigonga. Na wavulana wakianza kupigana risasi, warudisheni kwa mzee.

6. Waandike aya moja kabla ya kutoka.

MASWALI

— Maalim, nirushie skripti nzima.
Skripti haipo. Soma hatua ya 4 na ya 5.

— Huyu Josina si anatajwa kwa sababu ya mumewe tu?
Mafunzo ya silaha 1967, ndoa 1969. Hesabu mwenyewe.

— Mimi mgeni kazini, niko Mkoani. Wasichana wangu wanaona haya kusimama mbele ya wavulana. Nianzie wapi?
Swali zuri, mwanangu. Wasichana watatu wawe mhusika mmoja, akikwama huyu anapokea mwenzake. Waanze wakiwa wamekaa. Kisha mtwishe mmoja pakacha lililojaa nazi, umwambie ndiyo risasi, azunguke nalo uwanja mzima kabla hajasema neno. Shingo ikishauma, haya inapungua na maneno yanakuja. Wakizoea, waletee Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Huyo alikaa msituni mpaka 1963, akafariki 2023.

— Pakacha letu lilikatika, nazi zikatawanyika darasa zima.
Sukeni kwa makuti mabichi, na mjaze siku ile ile.

— Na masika je? Skuli yetu ya mabati, mvua ikinyesha hasikiki mtu.
Badala ya kofi tumia ngoma. Sisi pigo moja ni kusimama, mawili ni kubadilishana.

— Ngoma hatuna, tunapiga debe. Linafaa.