Namna ya Kupanga Ghala la Data kwa Ajili ya Ripoti za Biashara

Programu inayotoa risiti kaunta hutengenezwa ili iandike mauzo upesi. Ukiiuliza ni depo ipi iliyouza unga zaidi katika miezi 12 iliyopita, huenda ikakwama, na foleni ya wateja ikakwama nayo. Ndiyo maana hujengwa ghala la data, yaani hifadhidata ya pembeni inayopokea nakala za mauzo kila usiku na kutumika kwa uchambuzi tu. Tuchukue mfanyabiashara wa jumla wa Lubumbashi, nchini Kongo, mwenye depo katika komini ya Kenya mjini humo, na katika miji ya Likasi na Kolwezi.

Kwanza omba ripoti ambazo mwenye biashara huziandika kwa mkono, kwani humo ndimo yalimo maswali yake. Kisha amua mstari mmoja wa jedwali la mauzo utawakilisha nini. Uamuzi huu, kwa maoni yangu, ni mzito kuliko uchaguzi wa programu: risiti yenye magunia 10 ya unga na mifuko 3 ya saruji iwe mistari miwili, kwa sababu vipande vinaweza kujumlishwa wakati wowote, ilhali jumla haiwezi kurudishwa kuwa vipande. Lizungushie jedwali hilo majedwali ya maelezo: bidhaa, depo, mteja na siku. Mpangilio huu, ambao Mmarekani Ralph Kimball aliueneza katika miaka ya 1990, huitwa nyota kutokana na umbo lake.

Kwetu dola na faranga hutumika kaunta moja, hivyo kila mstari ubebe bei kama ilivyoandikwa kwenye risiti, sarafu yake, na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile. Katika ghala langu la kwanza niliweka dola peke yake. Mhasibu alipotaka kulinganisha na faranga zilizoingia kasha la fedha, ilinibidi nipakie upya miezi yote.

Maelezo nayo hubadilika. Kolwezi ilikuwa Katanga hadi mkoa huo ulipogawanywa mwaka 2015, ikawa makao makuu ya Lualaba. Ukifuta neno Katanga na kuandika Lualaba, mauzo ya 2014 yatahesabiwa katika mkoa ambao haukuwapo. Badala yake, katika jedwali la depo, mstari namba 4, «Kolwezi, Katanga», uwekewe tarehe ya mwisho, na ufunguliwe mstari namba 17, «Kolwezi, Lualaba»; mauzo ya zamani yataendelea kuielekea namba 4. Namba hizo zitolewe na ghala lenyewe, kwa kuwa programu ya kaunta inaijua depo ya Kolwezi kwa msimbo mmoja tu.

Umeme ukikatika katikati ya upakiaji, kazi irudiwe bila kuzaa mauzo mara mbili: futa kwanza mistari ya depo hiyo ya siku hiyo, ndipo upakie. Asubuhi, kabla ripoti haijafika mezani kwa mwenye biashara, linganisha jumla ya kila depo na daftari la mtunza fedha wake.