Ngwara za sokoni: chagua mbegu kabla hujainjika chungu

Ukifika Soko la Kilombero hapa Arusha baada ya mavuno, usiishie kwenye magunia makubwa ya mbele. Watafute akina mama waliokaa chini na sado moja au mbili za ngwara, zile punje nyeusi za jamii ya maharage. Bei iache kwanza. "Shikamoo mama, hizi za mwaka huu? Umelima wapi?" Aliyelima mwenyewe atakueleza mpaka mvua ilivyokwenda.

Zitie kiganjani. Punje iwe nyeusi ya kung'aa, na ule mstari wa pembeni uwe mweupe kweli. Iliyofifia imekaa sana: haioti vizuri, na jikoni inamaliza mkaa. Yenye kitundu ina mdudu, iache.

Nyumbani, kabla ya kitu kingine chochote, toa mbegu. Weka kando zilizo nene na nzima. Ngwara hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukipanda uliyoipenda, utavuna inayofanana nayo, na msimu ujao huna haja ya kununua paketi. Funga punje 20 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota 16 au zaidi, panda bila wasiwasi. Za kuhifadhi zikauke hasa, uzichanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, ndani ya chombo kinachofunga barabara.

Usizipande siku moja na mahindi. Ngwara hutambaa, itayabana yakiwa bado machanga. Mimi husubiri palizi ya kwanza, ndipo natia punje mbili mbili katikati ya mistari, nusu mita toka shimo hadi shimo, kina cha sentimita 4 hivi. Masika yakikatika mahindi hukauka, lakini ngwara inaendelea, maana mizizi yake inafuata unyevu chini sana. Kagua ncha kwa ajili ya vidukari, na maua yakitoka angalia funza wanaotoboa vitumba. Ukivuna, kata shina, using'oe: vile vinundu vya mizizini vina bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, viachie udongo.

Sasa chungu. Loweka usiku kucha, mwaga maji. Injika kwa maji mapya, yachemke robo saa, halafu mwaga tena hayo maji meusi. Ndiyo yenye uchungu. Watu wengi huruka hatua hii kisha wakasema ngwara si tamu! Ongeza maji ya moto, funika, punguza moto. Magadi siweki, yanalainisha haraka lakini yanaharibu ladha na vitamini B1. Nyanya pia isubiri, ukali wake unachelewesha kuiva. Baada ya saa moja na nusu, bonyeza punje kwa vidole viwili: ikipondeka mpaka katikati bila kiini kigumu, imeiva. Hapo kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, tia karoti, hoho na nyanya, mimina ngwara na mchuzi wake, chumvi mwishoni.

Wakikuyu wa Kenya huziita njahi, na humpikia mama aliyejifungua. Wao huziponda pamoja na ndizi mbivu. Ukitaka kujaribu, kausha mchuzi kwanza, la sivyo utapata uji.