Meza ya mhunzi katika Minecraft: nakili kiolezo kabla ya kukitumia

Vijana ninaocheza nao Minecraft jioni hapa Umoja, wakishapata almasi, hukimbilia jambo moja: kugeuza vifaa vyao viwe vya netherite, madini yanayodumu kuliko almasi. Kwa haraka hiyo wengi hupoteza kiolezo chao cha kwanza, yaani kile kitu ambacho meza ya mhunzi hukidai ili igeuze kifaa. Mimi pia nilikipoteza hivyo hivyo, nikahangaika wiki nzima kutafuta kingine.

Hatua ya kwanza: tengeneza meza ya mhunzi. Kwenye meza ya ufundi panga vipande viwili vya chuma ubavu kwa ubavu, kisha mbao nne chini yake, safu mbili. Mbao za mti wowote zinafaa, hata ukizichanganya.

Hatua ya pili: tafuta kiolezo. Tangu toleo la 1.20 la mwaka 2023, meza haigeuzi almasi bila hicho. Kimo kwenye masanduku ya magofu ya piglin, viumbe wanaofanana na nguruwe, huko Nether, ule ulimwengu wa moto na lava, na gofu lenye chumba cha hazina halikosi kukupa. Vaa hata kiatu kimoja cha dhahabu na piglin wa kawaida watakuacha upite, ila ukifungua sanduku mbele ya macho yao watakugeuka. Wale wakali wenye mashoka ya dhahabu hawajali umevaa nini.

Ukishakipata, tulia. Kiolezo kimoja hugeuza kifaa kimoja tu, basi kimekwisha. Kuna fundi nilisimama kumtazama pale jua kali Kamukunji. Alikuwa na kipande cha bati kilichochakaa kingo. Alikilaza juu ya bati jipya, akapitisha msumari pembeni yake kuchora, akakiweka kando, ndipo akakata lile jipya. Kile cha zamani hakikuguswa na mkasi. Nawe fanya vivyo hivyo: kwenye meza ya ufundi weka kiolezo juu katikati, netherrack moja (lile jiwe jekundu lililojaa Nether) chini yake, na almasi saba kwenye nafasi zilizobaki. Vitatoka violezo viwili.

Vifaa tisa, yaani kofia, dirii, suruali, buti, upanga, sululu, shoka, sepetu na jembe, vitakula almasi 56 za kunakili peke yake ukianza na kiolezo kimoja. Ni nyingi mno kwa mara moja. Anza na sululu au dirii, jembe liwe la mwisho.

Hatua ya tatu: chimba netherite yenyewe. Washa koordineti, yaani namba za mahali ulipo, kwenye mipangilio, ushuke Nether hadi kimo cha Y 15, utoboe njia ndefu iliyonyooka. Unatafuta vifusi vya kale: bloku ya kahawia ambayo juu ina mizingo kama ya gogo lililokatwa. Lazima sululu iwe angalau ya almasi. Ya chuma itaivunja na hutapata kitu. Ukitaka kuharakisha, tumia vitanda, kwa sababu huko kitanda hulipuka ukijaribu kukilalia, na vifusi havidhuriki. Weka bloku moja kati yako na kitanda, la sivyo utakufa wewe.

Choma vifusi kwenye tanuri, kila kimoja kitoe baki moja la netherite. Mabaki manne na vipande vinne vya dhahabu hutoa kipande kimoja cha netherite, kwa hiyo vifaa tisa vinahitaji vifusi 36.

Hatua ya nne ndiyo fupi kuliko zote. Fungua meza ya mhunzi, weka kiolezo, kifaa cha almasi, kisha netherite, uchukue kilichotoka. Nguvu za uchawi ulizokwisha kukitia zinabaki zote. Sululu iliyokuwa ikistahimili matumizi 1561 sasa itafika 2031.

Na ukifia kwenye lava, vifaa hivi haviungui, vinaelea juu. Kunywa dawa ya kukinga moto na urudi mbio kuvichukua. Una dakika tano kabla havijatoweka.