Akaunti ya Ng'ambo Ianze Kufunguliwa Ukiwa Kigoma

Siku ya kwanza nilipoingia benki hapa Ujerumani, nilikaa kwenye kiti nikimtazama mhudumu akitoka mlangoni na kuita, "Frau Ramadhani!" Kimya. Akaita tena. Nikawa namsikitikia huyo mama anayechelewesha foleni, tena mwenye jina la kiume. Alipoita mara ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba Ramadhani ni babu yangu mzaa baba.

Nyumbani Gungu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Lakini pasipoti yetu ina nafasi ya jina la ukoo, na sisi tunaokwenda kwa majina matatu, letu, la baba na la babu, la mwisho ndilo huangukia hapo. Zoea mapema. Ukisikia babu yako anaitwa, simama wewe.

Vijana wanaojiandaa kusafiri huniuliza, "Dada, benki gani nzuri huko?" Hilo ni swali la mwisho kabisa. Linaloamua kama utapata akaunti kwa wiki moja au kwa miezi mitatu ni karatasi, na karatasi zinatengenezwa wakati bado uko Kigoma, unapanda bodaboda asubuhi na mchana umerudi na mhuri. Ukishavuka bahari, herufi moja iliyokosewa utaihangaikia kwa kumsumbua mjomba aache kibanda chake sokoni Mwanga akupangie foleni.

Tuanze na hiyo herufi

Chukua daftari. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, pasipoti kama unayo, na barua ya chuo au ya mwajiri. Andika jina lako lilivyo katika kila karatasi, herufi kwa herufi, mstari chini ya mstari. Usisome kwa mazoea, soma kama mtu asiyekujua. Utashangaa. Ramadhani hapa, Ramadhan pale. Hamisi amekuwa Khamis. Na sisi Waha tuna letu: karani aliandika alivyosikia, basi Bitariho wa shule ya msingi akawa Bitaliho wa sekondari. Kwetu hilo si jambo. Kwa mashine ya benki hao ni watu wawili.

Angalia na tarehe. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Machi na namba inasema Mei, utaulizwa wakati wowote watakapoziona pamoja.

Kurekebisha kuna utaratibu wake. Anza na chanzo, yaani cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa usajili, kisha NIDA, na pasipoti iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu pasipoti ndiyo inayowakimbiza, wakaishia kulipa mara mbili, na ada ya pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Yale yasiyorekebishika kwa urahisi, kama vyeti vya mtihani vya zamani, tafuta wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Mwambie aiandike kwa Kiingereza kabisa, maana ya Kiswahili itabidi itafsiriwe, na tafsiri rasmi ni gharama nyingine.

Pasipoti ikishatoka, hiyo ndiyo mama. Benki ya huku hunakili jina kutoka humo, pamoja na mahali ulipozaliwa. Pasipoti ikisema Kigoma, usijaze Ujiji kwenye fomu kwa mapenzi ya nyumbani. Jaza Kigoma.

Sisi wa mpakani tujiandae pia kuulizwa habari za uraia: baba alizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, mama ni wa ng'ambo ipi ya mto Malagarasi. Tafuta vyeti au viapo vya wazazi mapema. Mimi ningeanza miezi sita kabla ya safari, kwa sababu balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na kutoka Kigoma, mwisho wa reli, hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Si safari ya kwenda mara mbili kwa ajili ya nakala moja.

Neno kwa wenye majina ya Kiislamu, ambao Ujiji ni wengi. Kila benki hupitisha jina la mteja mpya kwenye orodha za watu waliowekewa vikwazo vya kimataifa. Mohamed Hassan wako wengi duniani, na mmoja wao anaweza kuwa kwenye orodha. Kompyuta inasimama, mhudumu anakwambia usubiri. Usipaniki wala usigombe. Toa majina yote matatu, tarehe kamili na mahali pa kuzaliwa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokutenganisha na yule mwingine. Huchukua siku kadhaa, basi.

"Nyuma ya msikiti, ulizia kwa mzee"

Fomu nyingi zitataka anwani ya nyumbani. S.L.P. peke yake haitoshi, maana sanduku la posta si mahali pa kulala. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, hata kama sote bado tunaelekezana kwa mwembe na duka la Mangi. Andika namba ya nyumba, mtaa, kata, wilaya na postikodi yenye tarakimu 5. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe barua ya utambulisho yenye mhuri, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwenyekiti anakujua kwa jina la utani? Mpelekee nakala ya pasipoti anakili.

Ukifika ugenini anwani inageuka kuwa kila kitu. Hapa Ujerumani ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya mji, na unakwenda na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Unapewa hati ya makazi, na benki nyingi zitaidai hiyo pamoja na pasipoti. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, muulize mwenye nyumba kama atakusainia. Akikataa, chumba hicho ni cha bei rahisi kwa sababu.

Na sasa kisanduku cha barua. Hili halikuandikwa popote niliposoma. Kadi ya benki na namba ya siri hutumwa kwa posta, kila moja na bahasha yake, siku tofauti. Mpeleka barua wa huku haulizi jirani. Anatazama jina kwenye kisanduku, asipoliona anarudi nayo. Langu halikuwepo, lilikuwepo la mpangaji aliyenitangulia. Kadi ilifika kwa bahati, namba ya siri ikarudi ilikotoka, nikaandika upya kuomba nyingine, nayo ikarudi. Wiki tano nilikuwa na kadi nzuri ya kupigia picha. Kigoma barua huachwa dukani na mtoto wa jirani akakuletea, ndiyo maana wazo halikunijia. Siku unayopewa ufunguo, andika jina lako kwenye karatasi na gundi, bandika. Jina la babu, lile lililo kwenye pasipoti.

Hela imetoka wapi?

Hapa ndipo familia zetu hukwama, na si kwa ubaya wowote. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani kwa kawaida huonyesha uwezo wake wa kujikimu kwa akaunti maalumu ya kufungiwa, Sperrkonto, ambayo hufunguliwa mtandaoni akiwa bado nyumbani. Kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nazo huachiwa kidogokidogo, euro 992 kwa mwezi. Kabla ya kuzipokea, mwendeshaji wa akaunti anaweza kukuuliza zimetoka wapi.

Ukweli ni kwamba zimetoka kila mahali. Mama kauza madumu ya mawese, baba mdogo ana mtumbwi wa dagaa Kibirizi, shangazi wa Kasulu kauza ng'ombe wawili, kikoba kimetoa, na waliobaki wamerusha kwa simu elfu hamsini hamsini. Mchango wa ukoo ni kitu cha heshima, lakini katika fomu yao hakuna kisanduku chake. Kuna mshahara, akiba, mkopo, zawadi, mauzo ya mali.

Basi uupe mchango umbo wanalolielewa. Fungua akaunti moja kwa jina lako benki ya hapo nyumbani, na michango yote iingie humo tangu mwanzo, si kwenye simu ya kaka. Wachangiaji wakubwa, wawili au watatu, kila mmoja akuandikie barua fupi ya Kiingereza: mimi ni baba yake mdogo, nafanya biashara ya samaki, nimempa kiasi hiki kama zawadi ya masomo. Aambatishe nakala ya kitambulisho, leseni ya biashara kama anayo, na taarifa ya akaunti yake ya miezi sita. Aliyeuza ng'ombe au shamba aandike hati ya mauziano yenye mhuri wa mtendaji. Wewe omba benki taarifa ya akaunti yako kwa Kiingereza, kila ukurasa na mhuri. Kosa kubwa ni kukusanya noti chini ya godoro kisha kuziingiza zote kwa mkupuo wiki ya mwisho. Hela iliyoingia Jumatatu na kuondoka Ijumaa ni kama mgeni asiyesema amelala wapi.

Tanzania ilikaa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Kipindi kile maswali yalikuwa makali. Yamepungua, lakini swali la asili ya fedha huulizwa hata wenyeji, kwa hiyo usilichukue kama dharau.

Kuna na swali la kodi. Kila benki itakutaka utaje nchi unayolipia kodi na namba yako ya mlipakodi. Kama unayo TIN ya TRA, ile ya tarakimu 9, iwe mfukoni. Ukishaishi ugenini na kupata namba ya huko, unajaza ya huko.

Ukishafika

Pamoja na ile ya kufungiwa utahitaji akaunti ya kawaida ya kupokelea 992 zako, kulipia kodi ya chumba na bima. Benki ikikukataa, jua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 inampa kila anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na anwani ya kudumu na hata mwomba hifadhi. Ujerumani inaitwa Basiskonto. Itaje kwa jina, omba fomu yake, na ukiijaza kikamilifu wana siku 10 za kazi. Nimeona uso wa mhudumu ukibadilika kwa neno hilo moja.

Wanaoogopa riba: akaunti ya kawaida mara nyingi haikupi kitu, hivyo hapo hakuna cha kukimbia. Riba iko upande wa pili, ukitoa zaidi ya kilichomo, na huwa kali. Waambie wakufungie ruhusa hiyo kabisa. Anayetaka benki ya Kiislamu, ipo KT Bank, yenye makao Frankfurt, iliyoanza kazi 2015.

Uingereza, chuo hukupa barua ya kupeleka benki inayothibitisha makazi yako, iombe siku ya kujisajili kabla foleni haijawa ndefu. Kibali cha ukaazi sasa kiko mtandaoni, nawe unatoa msimbo wa kukikagua unaodumu siku 90. Marekani watakuulizia namba ya hifadhi ya jamii. Sheria haisemi kwamba bila hiyo huwezi kuwa na akaunti, lakini tawi moja litakukatalia na la pili likukubalie, hivyo jaribu lililo karibu na chuo. Ndugu zetu waliopelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huanza na hati yao ya kuingilia nchini, I-94. Wapo wengi walioandikiwa kuzaliwa 1 Januari, na hao wabebe kila karatasi yenye picha, maana majina na tarehe zao hugongana.

Akitokea mtu, hata Mtanzania mwenzako, akakuomba apitishie hela kwenye akaunti yako akuachie kidogo, mkatalie. Uingereza kosa la utakatishaji linaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na aliyekuomba hatakuwepo mahakamani.

Mwisho, laini yako ya simu ya nyumbani. Iache hai, iwekee salio mara kwa mara, na washa huduma ya kutumika nje ya nchi kabla hujaondoka, maana laini yetu imesajiliwa kwa alama za vidole na hutaweza kumtuma mtu airudishe kirahisi. Ujumbe wa kuthibitisha muamala kutoka benki ya Kigoma huja kwenye laini hiyo tu. Na siku utakapomtumia mama hela, fomu itakudai IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa. Tanzania hatutumii IBAN. Chagua njia ya nchi za nje, weka msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki, kwa mfano NMB ni NMIBTZTZ na CRDB ni CORUTZTZ, kisha namba ya akaunti yake na majina yake matatu. Mpigie kwanza akusomee yalivyo kwenye kadi ya benki, herufi kwa herufi.