Choo Bora ni Sehemu ya Banda la Nguruwe

Mbulu na Mbozi nchini Tanzania, pamoja na Busia nchini Kenya, ni miongoni mwa maeneo ambako tegu wa nguruwe, mnyoo bapa aitwaye kitaalamu Taenia solium, amezoeleka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu huyu, takribani asilimia 30 ya kifafa husababishwa naye.

Wafugaji wengi huamini kwamba kifafa hicho hutokana na kula kitimoto chenye malengelenge, yaani vifuko vya lava (tegu wachanga) ndani ya nyama. Sivyo. Mlaji wa nyama hiyo isiyoiva hupata tegu utumboni, mwenye urefu wa mita kadhaa, na anaweza kuishi naye kwa miaka bila kusumbuliwa sana. Hatari kubwa ni mayai yanayotoka na kinyesi chake: mtu akiyameza kupitia maji, mboga mbichi au mikono michafu, lava hupita kwenye damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Ndiyo maana hata asiyeonja nguruwe maishani mwake anaweza kuugua.

Nguruwe naye huambukizwa kwa kula kinyesi cha binadamu, na kwa hiyo desturi ya kuwafungia wakati wa kilimo na kuwaachia wazurure baada ya mavuno hufuta faida yote ya miezi ya kuwafungia. Wafugwe bandani mwaka mzima, na kila kaya iwe na choo chenye mlango ambacho nguruwe hawezi kukifikia. Banda zuri pasipo choo ni kazi nusu.

Kukagua ulimi wa nguruwe kama una malengelenge kabla ya kumnunua kunafaa, ingawa hubaini wale walioambukizwa sana tu. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu oksifendazoli, dawa ya kuua malengelenge kwenye nguruwe, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Malengelenge yaliyokufa huchukua wiki 8 hadi 12 kutoweka, basi usiharakishe kuchinja, na uheshimu muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa. Nyama ipikwe hadi ndani pasibaki wekundu. Mishikaki ya haraka barabarani ndiyo hunitia shaka zaidi.

Anayeona vipande bapa vyeupe vya tegu kwenye kinyesi chake aende kituo cha afya. Asijinunulie dawa dukani, hasa akiwa amewahi kupata degedege, kwa kuwa baadhi ya dawa za tegu huweza kuchochea uvimbe kwenye ubongo wenye malengelenge.