Mwaka wa Kwanza wa Mlezi wa Girl Guides: Namna ya Kuanza

Mwanamke anayetaka kujitolea kulea kikosi cha Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, kiwe cha shuleni au cha mtaani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza atawafundisha nini wasichana. Swali hilo ni zuri, ila linatangulia wakati wake. Kabla yake kuna swali la nani atamruhusu binti aje, na nani atamruhusu arudi juma linalofuata. Vikosi vingi nilivyoona vikifa havikufa kwa kukosa mambo ya kufundisha. Vilikufa Jumamosi ya nne au ya tano, mahudhurio yaliposhuka kutoka wasichana thelathini hadi saba, na mlezi akabaki akiwalaumu kwa uvivu bila kwenda kuuliza majumbani kwao kulikoni.

Ninaandika kutokana na niliyoyaona Tanzania Bara, nikilea kwanza kikosi cha shule ya msingi na baadaye cha mtaani. Girl Guides ilianza nchini mwaka 1928, enzi za Tanganyika, na chama chetu cha kitaifa ni mwanachama wa shirikisho la dunia lenye vyama katika nchi zaidi ya 150. Chimbuko lake lapaswa kujulikana na kila mlezi mpya. Mwaka 1909 skauti wavulana walikusanyika Crystal Palace, London, na kundi la wasichana likajitokeza bila mwaliko, likidai nalo litambuliwe. Mwaka uliofuata chama chao kikaundwa, kikiongozwa na Agnes Baden-Powell, dada yake Robert Baden-Powell aliyeanzisha skauti. Jambo hili, basi, lilidaiwa na mabinti wenyewe kabla watu wazima hawajalipanga, na mlezi anayefanya kila kitu kwa mikono yake anawanyang'anya kilicho chao.

Hatua ya kwanza ni kujitambulisha. Waone viongozi wa Girl Guides wa wilaya au mkoa wako, ueleze nia yako, uombe mafunzo ya viongozi, na ukubali kukaa miezi michache chini ya mlezi mzoefu kabla ya kukabidhiwa wasichana. Kama kikosi kitakuwa shuleni, mwalimu mkuu ndiye mlango, na itakusaidia sana kumpata mwalimu wa kike wa shule hiyo mshirikiane. Kama ni mtaani, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya utambulisho, kisha umwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Watakuuliza wewe ni nani, umetumwa na nani na unataka nini kwa watoto wa watu. Usiyaone maswali hayo kuwa usumbufu, kwa kuwa eneo ambalo mtu yeyote anaweza kuwakusanya wasichana bila kuulizwa si salama kwao.

Baada ya ofisi, nenda majumbani. Mkutano mmoja wa wazazi hautoshi, maana wanaofika mkutanoni mara nyingi ni wale ambao wangekubali hata bila mkutano. Piga hodi, amkia, kaa kwenye mkeka au kigoda utakachopewa, na usikilize zaidi kuliko unavyozungumza. Katika kikosi changu cha kwanza kulikuwa na binti mchangamfu aliyehudhuria mara mbili akatoweka. Nilipokwenda kwao nilimkuta bibi yake uani akichambua mchele. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu akija kwako Jumamosi asubuhi, maji atachota nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepanga saa tatu asubuhi kwa sababu ilinifaa mimi. Tulipowauliza wasichana wote, ilidhihirika kwamba asubuhi ni ya maji na kufua, kwamba wengine wana madrasa na wengine mazoezi ya kwaya, na kwamba saa tisa alasiri ndiyo saa pekee iliyowafaa karibu wote. Tulihamia saa tisa, na binti yule akarudi.

Kwa hiyo saa ya kukutana ipangwe na wasichana, kisha isibadilishwe ovyo. Mzazi akijua kwamba kila Jumamosi binti anatoka saa nane na nusu na kurudi saa kumi na moja, ataanza kukuamini. Ukichelewesha kumaliza hata mara mbili, au ukiahirisha bila taarifa, imani hiyo itavunjika na itachukua muda mrefu kuirudisha.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi, nacho ni vikundi vidogo. Kikosi cha wasichana thelathini hakiongozwi kama darasa. Kigawe katika vikundi vya wasichana sita hadi wanane, kila kikundi kijichagulie jina na kiongozi wake, na huyo kiongozi apewe kazi ya kweli: kuandika mahudhurio, kumfuatilia aliyekosa, kugawa vifaa, kusema maoni ya wenzake. Kila baada ya majuma mawili hivi kaa na viongozi wa vikundi peke yao kwa nusu saa, uwaulize nini kimekwenda vizuri na nini wanataka kifanyike, na uhakikishe kwamba angalau jambo moja walilolisema linatekelezwa. Wasichana wengi wa umri huo hawajawahi kuulizwa na mtu mzima wanataka nini. Mwanzoni watakuambia yale wanayodhani unataka kuyasikia, na usipokuwa na subira utajaza ukimya wao kwa maneno yako. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha hadi kumi tena. Atasema mmoja, kwa kawaida yule ambaye hukumtarajia.

Jihadhari pia na mazoea ya kuwachagua walewale wanaoongoza darasani. Katika uchaguzi wa kwanza wasichana humchagua mwenye sauti kubwa au mwenye viatu vizuri, nawe huna haja ya kuwaingilia. Weka tu kipindi kifupi cha uongozi, kwa mfano muhula mmoja, ili zamu iwafikie wengine.

Kikao cha kwanza kisizidi saa moja na nusu. Wapokee kwa majina, wafungue kwa wimbo wanaoujua, kisha wacheze. Rede inafaa sana kwa sababu karibu kila msichana anaijua na haina gharama zaidi ya mpira wa makaratasi. Baada ya mchezo wagawe katika vikundi, uwape swali moja la kujadili, kama vile ni jambo gani wangependa kuweza kulifanya ifikapo mwisho wa mwaka, kisha kila kikundi kitoe majibu yake. Yaandike yote daftarini mbele yao. Daftari hilo ndilo litakalokuwa ratiba yako, na litakuokoa na kosa la kuja na masomo yaliyopangwa na watu ambao hawajawahi kufika mtaani kwako.

Majibu yao mara nyingi hugusa mambo ya mikono, nami napendelea kuanza huko. Kushona taulo za kike za kufua ni somo ambalo halijawahi kushindwa kuwavutia: kitambaa laini cha pamba juu, tabaka kadhaa za kitambaa kinachofyonza katikati, mabawa mawili yenye kifungo cha kuishikilia nguo ya ndani, na mshono wa mkono ulio imara. Wakati sindano inakwenda, maswali ambayo hayajaulizwa nyumbani hujitokeza yenyewe, kwa kuwa macho yapo kwenye kitambaa na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Hakikisha unasisitiza kwamba taulo hizo zifuliwe kwa sabuni na maji safi na zianikwe juani zikauke kabisa, kwa sababu wasichana wengi huzificha chini ya godoro kwa aibu, zikabaki na unyevu unaoweza kuleta maradhi. Huduma ya kwanza nayo inawafaa, hasa ya majeraha ya moto, maana wasichana ndio wanaoshinda jikoni. Aliyeungua apoze sehemu hiyo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini, asipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Ahadi ya Girl Guides, yaani maneno anayotamka msichana anapojiunga rasmi, isiharakishwe. Msichana aitamke anapokuwa ameielewa, kila mmoja kwa imani yake, na kamwe asizuiwe kuitamka kwa kukosa sare. Sare ina gharama, na nimeona binti akiacha kuja kwa sababu ya blauzi. Skafu ya pamoja inayovaliwa siku ya kikao kisha ikarudishwa sandukuni inatosha kwa mwaka wa kwanza, na anayejistiri kwa hijabu aivae bila kuulizwa.

Kuhusu usalama sitafupisha. Usikae peke yako na msichana mmoja katika chumba kilichofungwa, hata kama nia yako ni njema kabisa. Kama ana jambo la faragha, zungumzeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Kila kikao kiwe na watu wazima wawili. Usiweke picha za wasichana kwenye mitandao au kwenye simu yako kwa ajili ya kuonyesha watu bila ridhaa ya wazazi na ya wasichana wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hiyo inawahusu karibu wasichana wako wote, pamoja na yule mrefu anayeonekana mtu mzima.

Ipo siku binti atakueleza kwamba anaumizwa. Siku hiyo usimwahidi kuwa hutamwambia mtu, kwa kuwa hutaweza kuitimiza ahadi hiyo bila kumdhuru. Mwambie kwamba umemwamini, kwamba kosa si lake, na kwamba utamtafutia watu wenye uwezo wa kumlinda. Usimhoji tena na tena. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Kisha toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au upige namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Kama amebakwa, afikishwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake; baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Utashawishiwa na watu unaowaheshimu, pengine wazee wa mtaa, kwamba mambo haya yamalizwe kifamilia. Sikiliza kwa adabu, kisha utoe taarifa.

Msichana akipata mimba, asifutwe katika daftari la kikosi. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za mfumo rasmi, lakini wapo wasiorudi kwa sababu hakuna mtu aliyewafuata nyumbani kuwaambia. Wafuate, ukiongozana na mwenzake mmoja wa kikundi chake.

Fedha ziwe kidogo na zihesabiwe hadharani. Mchague msichana mtunza hazina, kila senti iandikwe daftarini na kusainiwa na watu wawili, na michango isipitie kwenye simu yako binafsi. Kambi ya kulala nje iache hadi mwaka wa pili. Matembezi ya mchana, ugali ukipikwa kwenye mafiga na kila kikundi kikiwa na sufuria yake, yatakufundisha mengi kuhusu wasichana wako, na kwa kambi utahitaji ridhaa za maandishi za wazazi, walezi wa kike wa kutosha, na orodha ya maradhi na dawa za kila mmoja.

Mwaka unapokaribia kwisha, mtafute mlezi wa pili na uanze kumwachia vikao vizima, ukikaa nyuma pamoja na kikundi kimoja kama msaidizi wa kawaida. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Niliugua majuma matatu nikadhani kikosi kimekwisha, na niliporudi Jumamosi moja saa tisa na robo, nikitembea polepole, nilisikia wimbo wa kufungua kikao kabla sijafika getini. Kiongozi wa kikundi, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba ufunguo, akamwomba mama yake na jirani yao wakae nao, na mahudhurio ya majuma yote matatu yalikuwa yameandikwa daftarini kwa mwandiko wake.