Choki ya Land Rover 109 katika asubuhi za baridi

Mwenye Land Rover 109 ya petroli anayeishi Njombe anajua kwamba Juni na Julai gari lililolala nje haliwaki kama lilivyowaka Desemba. Wengi hukimbilia kumwita fundi aifungue kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na hapo ndipo gharama zisizo za lazima huanzia, kwa sababu mara nyingi kabureta haina kosa lolote isipokuwa choki haifungi, au haifunguki, sawasawa.

Petroli huungua ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Injini iliyopata joto hutosheka na takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, lakini injini ya baridi huiacha sehemu kubwa ya petroli ikinata kwenye kuta za manifoldi, yaani njia inayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, kama umande, na mvuke unaofika kwenye silinda huwa haba. Choki ni kibati cha duara kwenye mdomo wa kabureta: kikiziba njia ya hewa, mvuto wa pistoni huivuta petroli kwa nguvu zaidi, na mchanganyiko huwa mzito wa kutosha kushika moto.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa skurubu yoyote, kitazame kibati hicho kwa macho. Injini ikiwa imezimwa, legeza klipu ya bomba nene la hewa linaloingia juu ya kabureta, litoe, kisha mwombe mtu akae ndani ya gari avute choki polepole hadi mwisho. Kibati kinapaswa kuziba mdomo wote. Choki ikirudishwa ndani, kisimame wima kabisa. Kama mkono wa dereva unavuta na kibati hakisogei, au kinasogea nusu tu, angalia kibanio kinachoshika ganda la waya wa choki, ule unaotoka kwa dereva hadi kwenye kibati, karibu na kabureta. Kikilegea, ganda na waya husafiri pamoja, na dereva huamini amevuta choki ilhali hajavuta kitu. Liweke ganda mahali pake, kaza kibanio, na uache waya ulegee kama milimita 1 au 2 choki ikiwa ndani. Usiukaze kupita hapo, kwani kibati kitabaki kimefunga kidogo siku nzima, moshi utakuwa mweusi, plagi zitajaa masizi, na petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda. Waya mgumu mara nyingi huponywa na matone machache ya oili nyepesi ndani ya ganda. Ukiwa umeota kutu, ununue mwingine.

Baada ya kurudisha bomba la hewa, vuta choki yote, kanyaga mafuta mara moja au mbili ili pampu ndogo ya kabureta irushe petroli, kisha piga stata kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikishindikana, ipumzishe betri nusu dakika kabla ya kujaribu tena. Injini ikishika, rudisha choki hadi nusu, na uendelee kuirudisha kadiri inavyotulia. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam huhitaji uangalifu zaidi hapa: Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, hivyo mchanganyiko tayari una petroli nyingi hata bila choki. Baridi inaidai choki na mwinuko unaikataa. Ndiyo maana huvutwa yote lakini hairuhusiwi kukaa.

Ukinusa petroli na injini haishiki, plagi zimelowa. Rudisha choki ndani kabisa, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, na upige stata ili hewa ipite izikaushe. Kinyume chake, injini inayowaka vizuri kisha kuzimika kila choki inaporudishwa, hata ikiwa imeshapata joto, inavuta hewa mahali isipotakiwa, pengine kwenye gasketi ya manifoldi, au jeti ndogo ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, imeziba. Hiyo ndiyo kazi halali ya fundi wa kabureta.

Gari lililosimama siku kadhaa linaweza kuwa limekaukiwa petroli ndani ya kabureta bila choki kuhusika. Pampu nyingi za mafuta za injini hizi zina mkono mdogo kwa chini. Upampu kwa kidole mpaka uhisi umekuwa mwepesi, ndipo upige stata. Njia hii ni salama kuliko ile desturi ya kumimina petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzio akipiga stata, kwa kuwa injini ikirudisha moto juu, huupeleka usoni kwa anayemimina.